Nani Alimtoa Mlinzi wa Lango?

Siku kitabu cha tatu cha *Lango la Masizi* kilipotoka, foleni ilianzia kaunta ya duka la vitabu, ikapita rafu za kamusi, ikatoka nje hadi mbele ya duka la viatu. Katikati ya foleni hiyo alisimama mwanamke aliyevaa kama mfiwa. Gauni jeusi hadi visiginoni, mtandio mweusi, glavu nyeusi. Watu walimwachia nafasi, na waliokuwa wanacheka walipomkaribia walipunguza sauti.

Nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la kitani rangi ya maziwa, limepigwa pasi likanyooka. Alivumilia kwa muda, kisha akashindwa.

"Pole sana, dada. Msiba wa nani?"

"Sijajua bado," akajibu yule mwanamke. "Kitabu sijakinunua."

"Samahani?"

"Kitabu cha kwanza alikufa Malkia, akafa mganga, akafa na binti wa mganga. Cha pili akafa dada wa Shujaa, mchumba wa Shujaa, na yule bibi kipofu aliyempa Shujaa maji ya kunywa. Maji tu, jamani! Sasa hiki cha tatu siwezi kukuambia kafa nani, ila atakuwa mwanamke. Nikaona nije nimevaa kabisa."

Yule mwanamume aliangua kicheko hadi mwenye duka akachungulia. Kicheko kilitoka na sauti nene, yenye joto, na hapo mwanamke akageuka mzima mzima, maana sauti ile aliijua. Jiji zima liliijua. Ndiyo iliyosoma habari za asubuhi redioni, na ndiyo iliyosoma vitabu vyote viwili vya *Lango la Masizi* kwenye rekodi.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Wewe ndiye uliyemuua yule bibi kipofu masikioni mwangu, nami napiga pasi. Niliunguza blauzi."

"Niletee hiyo blauzi niivae, iwe adhabu yangu."

"Haikutoshi mabegani."

"Kumbe umeshanipima."

Walipofika kaunta walikuwa wameshagombana mara mbili na kupeana namba za simu. Mapenzi mengine huanza kwa kutazamana. Haya yalianza kwa kubishana, na waliokuwa foleni siku ile wataapa kwamba waliyaona yakianza.

Mashabiki wa vitabu hivyo walikuwa na chama chao, na wawili hao wakajiunga nacho. Kila mwezi walikutana kwenye ukumbi mdogo juu ya kiwanda cha uchapaji, palipojaa harufu ya wino na viti vya plastiki. Yule mwanamke, ambaye kazi yake ilikuwa kusaga vioo vya miwani na kuvitia kwenye fremu, walishambandika jina la Mfiwa tangu siku ya foleni. Mwanamume wakamwita Sauti. Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno, mtu mnene, mpole, aliyempenda Shujaa kuliko watu wengine wanavyopenda timu ya mpira.

Chama kilikuwa na desturi yake. Mwandishi alikuwa akiishi jiji hilohilo, na kila alipomaliza sura mpya aliituma kwa chama kabla haijachapwa, ndani ya bahasha iliyofungwa. Bahasha ilifunguliwa hapohapo ukumbini, na sura ikasomwa kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Kuisoma kabla ilikuwa mwiko. Mwenyekiti alisoma masimulizi. Sauti, nani mwingine, alikuwa Shujaa. Mfiwa alikuwa Mlinzi wa Lango, mwanamke mwenye funguo kiunoni na ulimi wa pilipili, ambaye kwa miujiza ambayo hakuna aliyeielewa alikuwa amevuka vitabu vitatu akiwa hai.

Baada ya kusoma walibishana, na ubishi ndio uliowaleta.

"Giza ni giza," Mwenyekiti alisema siku moja. "Dunia ile ni katili kwa kila mtu. Wanaume nao si wanakufa?"

"Wanakufa, daktari, lakini wanakufaje?" Mfiwa akasimama. "Mwanamume akifa anakufa na upanga mkononi, na kabla hajakata roho anatoa hotuba ya kurasa mbili. Mwanamke tunamkuta ameshakufa. Tunafungua mlango, yuko sakafuni. Halafu Shujaa analia, anapanda farasi, safari inaanza. Yaani kifo cha mtu mzima ni kumsaidia mwenzake apande farasi!"

Watu wakacheka. Sauti hakucheka.

"Lakini tunalia," alisema. "Mimi nikiwa studio nilisimamisha rekodi kwa ajili ya yule mchumba. Kitabu kisichouma, kina kazi gani?"

"Ulimlilia nani? Yeye aliyekufa, au Shujaa aliyebaki?"

Sauti akaanza kupekua kurasa. Mwenyekiti akapiga meza kwa furaha, akasema hapo Redio imekatika umeme.

Jioni simu ya Mfiwa ililia.

"Nimelipata jibu," Sauti akasema.

"Umechelewa, kikao kimefungwa."

"Namlilia aliyekufa. Nikikufikiria wewe ndiye uliye sakafuni, namlilia aliyekufa."

"Heee! Ndiyo kutongoza huko? Kuniua kwanza?"

"Nimejaribu maua, ukasema yanakupigisha chafya."

"Basi nitongoze nikiwa hai, Redio yangu. Kesho natoka kazini saa kumi."

Akaja saa kumi, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Alikuwa mtu wa kujali, hilo tusimnyime. Alimpigia simu asubuhi kabla ya habari amwambie nguo ya kuvaa kulingana na mvua. Alijifunza kukaa kimya kwenye karakana ya miwani wakati Mfiwa akikaza skrubu ndogo kama punje za mchele, akishika pumzi. Dada yake Mfiwa, mwalimu wa watoto wadogo, alimkagua kwa chai na maandazi, kisha akamvuta mdogo wake jikoni akamnong'oneza, "Huyu usimwache. Yule wa kwanza Mungu atajuana naye."

Kwa maana kulikuwa na wa kwanza.

Sauti alilijua hilo Jumapili moja mchana, nyumbani kwa Mfiwa. Alipoingia alifunga mlango na kuzungusha ufunguo, kama mtu yeyote anavyofanya.

"Usifunge," Mfiwa akasema.

"Wezi je, kipenzi?"

"Waje. Usifunge."

Akamtazama usoni, akafungua. Halafu akakaa chini, akauliza, na Mfiwa, ambaye hakuwahi kumweleza mtu yeyote isipokuwa dada yake, na hata dada yake alimpa vipande vipande tu, akamweleza. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja: awepo mtu mmoja duniani anayeijua hadithi ile yote, mwanzo hadi mwisho, asiibebe peke yake.

Alikuwa ameolewa na mtu ambaye kila akienda kazini alimfungia ndani kwa kufuli la nje. Siku moja akiwa mjamzito, tumbo likamshika. Akapiga kelele. Akachukua kijiko, akagonga mlango hadi kijiko kikapinda. Majirani waliongeza sauti ya muziki. Mimba ikatoka pale sakafuni, mlangoni.

Hapo Sauti alianza kulia. Hakulia kiume, kwa kujificha. Alilia kwa kwikwi, kichwa mapajani kwa Mfiwa, sauti ile nene ikikatikakatika. "Laiti ningekuwepo," alisema. "Laiti ningekuwepo, mpenzi."

Mfiwa alimshika kichwa, akamfuta machozi, huku akiendelea kusimulia. Kwamba alikaa pale mpaka damu ikapungua. Kwamba aliutazama mlango kwa mara ya kwanza kama kitu kilichotengenezwa na fundi, akaona bawaba ziko upande wake. Kwamba alichomeka mpini wa kijiko kilekile chini ya pini, akazisukuma juu moja baada ya nyingine, akauvuta mlango ukamwangukia begani, akapita juu yake na kutembea peku hadi hospitali. Hakurudi tena. Alisema yote hayo taratibu, akimpapasa nywele. Alipomaliza alijisikia mwepesi, akampenda yule mwanamume kwa machozi yake kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

Na nani angemlaumu? Mwanamume anayekulilia ni jambo kubwa. Wengi wetu hatukuwahi kuliliwa na mtu ambaye hatujamzaa.

Miezi michache ikapita, ikaja bahasha nyingine ya kitabu cha nne.

Siku hiyo ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mfiwa alivaa gauni la njano na hereni kubwa, kwa sababu Mwandishi alikuwa ametuma salamu kwamba sura hii ni ya Mlinzi wa Lango peke yake. Sauti alikaa upande wa pili wa meza. Alikuwa hatulii, anakunywa maji, anatabasamu peke yake.

"Una nini?" Mfiwa akamnong'oneza.

"Utaona, laazizi. Nina zawadi yako."

Mwenyekiti akachana bahasha, akagawa kurasa. Mfalme wa Masizi amemteka Mlinzi na kumnyang'anya funguo zake. Amemfungia kwenye chumba chini ya lango alilolilinda maisha yake yote. Mlinzi ana mimba.

Mfiwa akasoma: "'Mna nini cha kuogopa? Nina mikono mitupu.'" Watu wakapiga vigelegele. Ulimi wa pilipili ulikuwa palepale.

Mwenyekiti akasoma kwamba usiku ulipoingia maumivu yalimshika, akapapasa gizani, akapata kijiko cha bati.

Mfiwa aligeuza ukurasa. Maneno ya Mlinzi yalikuwa yanamngoja hapo juu, na kinywa chake kilikuwa kimeshazoea kusoma kabla ya kufikiri. "'Nagonga,'" akasoma. "'Kijiko kimepinda. Nawasikia ng'ambo ya ukuta. Wamepandisha ngoma wasinisikie.'"

Akasita. Akamtazama Sauti. Sauti alikuwa na machozi tayari, anamtikisia kichwa kumtia moyo, kama mzazi anayemtazama mtoto jukwaani.

Sijui kwa nini aliendelea. Labda kwa sababu kuacha kungehitaji maelezo. Alisoma hadi mwisho, kwa sauti ambayo haikuwa na kitu ndani yake, na watu wakaona ni sanaa. Alisoma Mlinzi anavyompoteza mtoto sakafuni. Alisoma Mlinzi anavyokata roho shavu lake likiwa limegusa mlango. Kisha ikawa zamu ya Shujaa. Mlango unafunguliwa alfajiri, anamkuta pale, anaokota kijiko.

Sauti akasimama. "'Kwa kijiko hiki,'" akasoma, sauti ikitetemeka, "'naapa...'"

Mfiwa aliweka kurasa mezani akatoka. Nyuma yake ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya usomaji.

Sauti alimfikia kwenye ngazi. Chini yao mashine za uchapaji zilikuwa zinapiga kazi, kila kitu kinatetemeka kidogo.

"Ulimwambia lini Mwandishi?"

"Mpenzi, nisikilize. Sikutaja jina lako. Siku zile nilikuwa nimelemewa, aliniona studio sina raha, akaniuliza. Nikamweleza. Alilia na yeye, unajua? Mwandishi mwenyewe alilia."

"Sikukuuliza nani alilia."

"Wewe ndiye uliyesema kila mwezi kwamba wanawake wa vitabu vyake si watu. Nikampa mtu wa kweli! Nilitaka watu wote wale wakulilie kama nilivyokulilia mimi. Kwangu ilikuwa heshima."

"Ulimpa mtu wa kweli," Mfiwa akasema, "naye akamuua."

"Ni hadithi tu, kipenzi."

"Ilikuwa yangu."

Akashuka ngazi. Sauti alimwita mara moja, halafu mashine zikameza sauti yake, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yule kushindwa kusikika.

Siku zilizofuata simu ililia hadi Mfiwa akazima mlio. Zilikuja jumbe za sauti, ndefu, zenye kuomba. "Nimekosa, roho yangu." "Nimeacha kula." "Nikisoma habari nataja ajali, naona uso wako." Mfiwa hakujibu hata moja, lakini alizisikiliza zote, na nyingine alizirudia, kwa sababu alimkosa mtu yule, alimkosa vibaya, na kichwa kikikataa sikio lilikuwa bado linataka. Kazini alipima kioo cha mteja mara tatu na mara zote tatu akakosea.

Dada yake akaja na mkoba wa madaftari ya wanafunzi chini ya kwapa.

"Kosa amefanya," alisema. "Mdomo umemponza. Lakini hakukupiga, hakukufungia, hakukuibia. Alikulilia, mdogo wangu! Unajua shemeji yako, mama alipofariki, aliniuliza chakula kiko wapi? Mwanamume anayekulilia utampata wapi mwingine?"

"Siyo kulia tu, dada."

"Ni nini basi?"

Mfiwa alitafuta neno, hakulipata. Alijua pana kitu kinachomkera kuliko siri kutoka nje, kitu kilichokuwa ndani ya zile kurasa, lakini kila alipokaribia kukishika aliona tu Mlinzi wa Lango pale chini na watu wakipiga makofi. "Sijui," akasema. Na kwa kuwa hakujua, na kwa kuwa alimpenda, akakubali kukutana naye.

Walikutana mchana kwenye mgahawa ulio mkabala na karakana. Sauti alikuwa amekonda kweli. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, amenyolewa vizuri, na alipomwona Mfiwa anaingia alisimama haraka hadi kiti kikaanguka. Mfiwa akacheka, hakukusudia. Wote wawili walishusha pumzi.

"Umependeza," Sauti alisema.

"Umekonda. Unakula nini?"

"Aibu."

"Haina vitamini hiyo."

Akamshika mkono juu ya meza, na Mfiwa akauacha pale. Mkono ulikuwa na joto lilelile. Ilikuwa vizuri, na kama hadithi hii ingekuwa yangu kuikata nipendapo, ningeikata hapo.

"Nina mambo mawili," Sauti alisema. Akatoa kiboksi kidogo cha bluu, akakifungua. Pete ilikuwa nyembamba, ya busara, pete ya mtu aliyemtazama Mfiwa mikono akiwa kazini akaona kubwa ingemkwaza. "Hili ni la pili. Usijibu kwanza. Sikiliza la kwanza." Akatoa kurasa kutoka mfuko wa koti, uso wake ukawaka. "Nilikwenda kwa Mwandishi. Nilimwambia kama habadilishi sura ile, atafute mtu mwingine wa kumsomea vitabu. Tuligombana, lakini nimeshinda. Mlinzi wa Lango hafi!"

Moyo wa Mfiwa uliruka. "Hafi?"

"Hafi! Umeshinda, Mfiwa wangu. Miezi yote ile ya kubishana. Soma mwenyewe. Anagonga na kijiko, anagonga, amekaribia kukata tamaa. Halafu Shujaa anasikia! Anashuka ngazi mbio, anavunja mlango kwa bega lake, anambeba mikononi, anamtoa nje kwenye jua. Nilipoisoma nililia tena."

Mfiwa alizitazama zile kurasa bila kuzigusa. Kile kitu alichokuwa akikitafuta mbele ya dada yake kilikuwa kimekaa mezani sasa, kimepigwa chapa.

"Shujaa ndiye anayemtoa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe nini, mpenzi?"

"Mimi nilitokaje mle ndani?"

Sauti alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. Alimtazama Mfiwa, akatazama kurasa, akarudi kwa Mfiwa. Alikuwa mtu wa kuzungumza mbele ya jiji zima kila asubuhi bila kukwama.

"Si kaka yako," akasema polepole, "ndiye aliyekuja kuvunja mlango?"

"Sina kaka."

"Majirani, basi. Nilikuwa nimechanganyikiwa siku ile, kipenzi, unajua nilivyokuwa. Polisi? Mtu fulani alikuja akakutoa."

"Bawaba zilikuwa upande wangu," Mfiwa alisema. "Nilizitoa pini kwa kile kijiko. Nikauangusha mlango, nikapita juu yake, nikatembea mwenyewe hospitali. Hakuja mtu."

Macho ya Sauti yalijaa, na ndani ya macho yale Mfiwa aliona kwamba ndiyo kwanza anayasikia maneno hayo. Tangu ile Jumapili alikuwa akimpenda, kwa moyo wote, mwanamke aliyekuwa bado sakafuni.

"Mbona hukuniambia?" akanong'ona.

"Nilikuambia," Mfiwa akasema. "Ulikuwa unalia."

Akautoa mkono wake chini ya mkono wa Sauti, akakifunika kile kiboksi, akakisogeza upande wa mwenyewe. Sauti aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Watu wa meza za jirani wakageuka. Mhudumu alikuja mbio na karatasi za kujifutia, akamwinamia Sauti, akampapasa mgongoni, akampa pole.

Kisha akamgeukia Mfiwa, amekunja uso. "Jamani, dada, umemfanya nini mwenzio?"

Mfiwa alichukua mkoba wake akavuka barabara kurudi kazini.